Gari ya kabureta inazima njiani kila safari ndefu, nishabadili pampu na filta, nakosea wapi?

Kokoto
Wakuu salama? Naomba mnisome mpaka mwisho maana hii gari inataka kunitia wazimu. Ni Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini 4K, kabureta yake (ile inayochanganya petroli na hewa) ni ileile iliyokuja nayo. Mjini haina shida hata chembe, inawaka asubuhi kwa selfu moja, silensi imetulia, foleni inakaa. Tatizo ni safari. Natembea vizuri saa moja, siku nyingine saa mbili, nikifika kwenye kilima au nikiwa kwenye 90 hivi naanza kuhisi kama kuna mtu ameshika bampa ya nyuma, nakanyaga mafuta ndo kwanza inalegea, inakohoa mara mbili tatu inazima. Nakaa pembeni dakika 10 inawaka kama hakuna kilichotokea, natembea km 5 inarudia mchezo. Nikiibembeleza kwa 50 tunafika.

Nimebadili pampu ya mafuta (ile ya kusukumwa na kamshafti), filta mara mbili, plagi zote, kabureta imefunguliwa na kusafishwa mara mbili. Fundi wangu anasema ni joto, gari kuukuu ndo zilivyo. Ila kuna siku tulisafiri watu watano na mizigo hadi juu ya keria, km 250, haikuzima hata mara moja. Kwenye kurudi ikaanza kuzima tumetembea km 60 tu. Sasa joto gani hilo linalochagua siku?

Tairi Kipara
Uza hiyo chuma mkuu, hiyo sio gari ni mtihani

Kokoto
Tairi hiyo gari nimeachiwa na mzee wangu, siuzi. Nenda uzi mwingine.

Koili Moto
Huo sio mfumo wa mafuta kabisa. Koili ikipata moto waya wa ndani unatanuka moto wa plagi unakata, ikipoa unarudi. Dakika 10 zako za kusubiri ndo koili inapoa. Usisahau na kondensa ya dastributa, nayo ina tabia hizohizo. Badili koili uje kunishukuru.

Dereva wa Usiku
Mimi nipo upande wa fundi wake. Hiyo ni petroli kugeuka mvuke kwenye bomba. Watu hawajui kwamba petroli sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka hata chini ya digrii 40, na kwenye upande wa kuvuta ni rahisi zaidi kwa sababu pampu inapovuta inashusha presha ndani ya bomba. Pampu ikipata mvuke badala ya petroli yenyewe inabaki kupiga makofi. Niliwahi kuona mtu amebana vibanio vya nguo kwenye bomba la mafuta eti vinapooza, gari ikawa inakwenda.

Mzee Kabureta
Vibanio vya nguo vinapooza nguo. Gari ilikwenda kwa sababu alipokuwa anavibana ilikuwa inapoa yenyewe.

Kijana Kokoto, kabla hujanunua kitu kingine chochote acha kubahatisha. Wewe umebadili pampu, mwenzio anakwambia koili, kesho atakuja mwingine na dastributa, utamaliza gari zima na ugonjwa utabaki palepale. Swali la kwanza ni moja tu: inapozima, kabureta ina mafuta au haina? Na wewe una bahati, hiyo kabureta ya 4K ina kioo kidogo kwenye bakuli la mafuta, kadirio la kitufe cha shati. Siku ikizima usipige selfu hata mara moja, maana ukipiga unaharibu ushahidi. Shuka, fungua boneti, chukua tochi uangalie kioo. Petroli ikiwa katikati ya kioo, achana na mafuta kafuate moto, Koili Moto atakuwa kashinda. Kioo kikiwa kikavu ni njaa, na tutaifuata nyuma hatua kwa hatua.

Kwa ambao kabureta zao hazina kioo: toa kifuniko cha filta ya hewa, vuta waya wa mafuta kwa mkono huku unachungulia kooni injini ikiwa imezima. Ukiona mshipa wa petroli unaruka kwa nguvu, bakuli lina mafuta. Na sigara iwe mbali jamani.

Mama Spana
Naunga mkono mzee. Naongeza swali dogo, mfuniko wa tenki ni wa kwake au wa kuokoteza? Mfuniko usiopumua petroli ikipungua hewa haiingii, tenki linajivuta ndani, pampu inashindwa. Ikizima fungua mfuniko taratibu usikilize, ukisikia inavuta pumzi kwa nguvu fyuuu basi umepata. Nilikuwa na pikapu iliyonitesa miezi minne kwa sababu hiyo.

Kokoto
Asanteni sana. Jumamosi nasafiri, nitafanya yote mawili.

Kokoto
MREJESHO. Imezima jana kwenye kilima, nilikuwa na tochi mkononi kama askari. Kioo KIKAVU. Sio nusu, kikavu, naona mpaka ukuta wa nyuma wa bakuli. Mfuniko nimefungua, kimya, haukuvuta chochote. Tena nikajaribu kutembea na mfuniko umelegezwa, ikazima vilevile.

Pampu niliigusa ina joto la kawaida, mkono unavumilia. Nikaimwagia maji ya chupa kwa ajili ya Dereva wa Usiku, nikawasha, km 4 ikazima tena ikiwa bado mbichi kwa maji.

Koili Moto
Sawa nimenyoosha mikono. Ila koili usiitupe kwenye hesabu

Dereva wa Usiku
Dah. Lakini bomba lenyewe huko chini linaweza kuwa karibu na egzosi?

Mzee Kabureta
Linaweza, tutafika. Kijana vizuri sana, sasa tumefuta nusu ya gari kwa tochi tu. Kazi ya pili ni ya nyumbani. Chomoa waya wa koili ili isiwake na isirushe cheche. Toa mpira wa mafuta unapoingia kwenye kabureta, uingize kwenye chupa inayoonyesha ndani, mwenzio apige selfu kwa vipande vya sekunde 10 na kupumzika. Injini ndogo kama hiyo pampu nzima ukijumlisha vipande inakupa nusu lita kwa dakika au zaidi. Ila usiangalie wingi peke yake, angalia INATOKAJE. Presha kwa kabureta ni ndogo, nyingi ziko kati ya psi 3 na 6, ukiweka kubwa zaidi inasukuma sindano ya floti (boya linalofunga mafuta bakuli likijaa) unapata mafuriko, kwa hiyo msije mkamshauri mtu afunge pampu ya injekta hapo.

Kokoto
Nimefanya jioni hii na mdogo wangu. Wingi upo, tena zaidi ya nusu lita. Ila haitoki moja kwa moja. Inatoka petroli, halafu kama povu, halafu petroli, inatema mate kwenye chupa. Na ile filta ya plastiki ina viputo vinapanda vinakusanyika juu. Hii ni kawaida?

Mzee Kabureta
Hapana. Kiputo kimoja kilichokaa juu ya filta hakina neno, watu wanahangaika nacho bure. Lakini viputo vinavyotembea maana yake gari inakunywa hewa. Na hewa haiingii upande wa kusukuma, upande ule ukitoboka petroli inatoka nje unaiona na unainusa. Upande wa kuvuta, tenki mpaka pampu, tundu halidondoshi hata tone, linavuta hewa kimyakimya. Ndo maana fundi anapita chini ya gari anaona pakavu anasema bomba zima.

Kwa mwendo wa polepole injini inaomba kidogo, petroli na hewa vinapokezana, bakuli linajaa. Ukikanyaga kilimani inaomba nyingi, pampu inavuta kwa nguvu, hewa inaingia zaidi ya petroli, bakuli linakauka. Dakika 10 zako za kusubiri sio kupoa kwa kitu, ukipiga selfu na kuondoka taratibu bakuli linajaa upya, km 5 zijazo unalimaliza tena.

Mama Spana
Hapo dawa ni galoni. Chukua galoni safi la petroli lita 3 au 4, mpira mpya mrefu, uingize kwenye mdomo wa kuvutia wa pampu, lile bomba la tenki ulizibe. Pampu ya 4K nyingi zina midomo mitatu, wa tatu ni wa mafuta kurudi tenki, huo uuelekeze galonini nao, la sivyo utajaza tenki kutoka kwenye galoni. Ulifunge imara, sio kwenye boneti karibu na moto wala ndani unapokaa wewe. Mimi huwa nafanya gari imesimama, inapigwa resi ya juu dakika kadhaa huku naangalia kioo. Viputo vikiisha, ugonjwa uko kati ya pampu na tenki. Vikiendelea, pampu mpya ndo mbovu, na mpya mbovu zipo nyingi tu.

Injekta Nne
Samahani kuingilia, yangu ya 1991 ni ya injekta na inafanana na hii, inakosa nguvu kilimani. Nami nifungue bakuli?

Mama Spana
Mdogo wangu yako haina bakuli. Fungua swichi bila kuwasha, weka sikio kwenye tenki, nyingi utasikia pampu inalia zzz sekunde mbili inanyamaza. Isipolia anza na fyuzi na rilei kabla ya kushusha tenki. Ikilia funga geji ya presha, mfumo wa aina yako mara nyingi unataka psi 35 hadi 45. Halafu ile geji iache ukiwa kwenye mzigo, sio imesimama tu, maana filta iliyoziba inaonyesha presha nzuri gari ikipumzika na inaanguka ukikanyaga. Chomoa na kale kampira ka vakyumu kwenye regulata, ukikuta petroli ndani regulata imechanika. Na pima umeme palepale kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, ukiwa umepungukiwa zaidi ya volti moja ukilinganisha na betri basi una waya au plagi iliyooza. Anzisha uzi wako tusimchanganye mwenye shida.

Injekta Nne
Poa dada, asante

Kokoto
Galoni imefanyika. VIPUTO VIMEISHA. Resi ya juu dakika tano kioo hakijashuka hata unywele. Kwa hiyo pampu nzima, kabureta nzima, na nilizifungua bure. Nimebadili vipande vyote vya mpira, kuanzia kinapotoka bomba kwenye tenki, kile cha kati na kinachoingia kwenye pampu. Cha nyuma kwa nje kilikuwa kizuri kinang'aa ila nilipokikunja kikapasuka kama biskuti. Nikasema haleluya nimepata.

Leo nimesafiri. Imezima. Nimekaa pembeni nimecheka peke yangu.

Dereva wa Usiku
Mpira kupasuka hivo ni uzee, na petroli ikiwa na ethanoli inauharibu zaidi, mipira ya zamani haikutengenezwa kwa hiyo. Kama umenunua wa kumwagilia maua umeliwa, angalia ubavuni uwe umeandikwa SAE 30R9 au angalau 30R7 kwa kabureta

Kokoto
Ni 30R9, nimeangalia. Klipu mpya pia. Bomba la chuma nalo nimelipitia lote kwa mkono toka nyuma mpaka mbele, kavu na halina kutu, na Dereva haligusi egzosi popote.

Mama Spana
Kokoto hebu nijibu kitu. Siku zote hizo inapozima, geji ya mafuta inasomaje?

Kokoto
Geji ilikufa kitambo, mshale umelala kwenye E tangu gari ya mzee. Mimi naweka mafuta kwa kukadiria, nikisafiri naongeza lita kadhaa naondoka.

Mama Spana
Na ile siku ya watu watano?

Kokoto
Siku ile mjomba ndo aliweka mafuta, alijaza mpaka yakamwagika mdomoni

Subiri

Subiri kwanza

Mzee Kabureta
Heee. Binti umemaliza kazi.

Mama Spana
Tupige hesabu. Tenki tulichukulie kama lita 50. Gari hiyo inakula kama lita 8 kwa km 100. Km 250 umekula 20, zimebaki 30, haikuzima. Ukarudi bila kuongeza, km 60 umekula kama 5, zimebaki 25, ikaanza. Nusu tenki. Siku nyingine unaanza na 30, unazima mapema, unaanza na 38 unazima karibu saa mbili. Joto halichagui siku, ni kiasi cha mafuta kwenye tenki. Bomba la kuvutia linalozama ndani ya tenki lina tundu katikati. Petroli ikiwa juu ya tundu linavuta petroli, halina tatizo. Petroli ikishuka chini yake linavuta hewa ya tenki. Na mjini unatembea chini ya nusu kila siku ila huombi mafuta mengi kwa hiyo hujui.

Koili Moto
Hii nimeipenda mpaka nimesahau kwamba nimeshindwa

Tairi Kipara
Kwa hiyo dawa ni kutembea full tenki maisha yote 😂

Mzee Kabureta
Usilishushe tenki kwanza, mhakikishe. Sasa liko chini ya nusu, vizuri. Chomoa mpira wa mafuta mbele kwenye pampu, ufunge pampu ya baiskeli, mfuniko wa tenki uwe wazi, mwenzio aweke sikio mdomoni mwa tenki. Pampu kidogokidogo. Bomba zima utasikia kwikwikwi chini kabisa kwenye petroli. Bomba lenye tundu juu ya petroli utasikia hewa inapuliza pfff bila kuchemsha kitu. Na msipulize kwa mdomo, petroli ikiingia mapafuni sio mchezo, wala msitumie kompresa ya tairi mtalipua kichujio cha ndani.

Kokoto
Pfff tupu. Hakuna kwikwikwi hata moja. Nikaongeza lita 20, nikarudia, inachemka juujuu kabisa, mdogo wangu anasema kama mtoto anapuliza soda.

Kesho nafungua.

Kokoto
Mrejesho wa mwisho, samahani nimechelewa.

Tumefungulia nje kwenye uwazi, betri imechomolewa, petroli nimeitoa kwanza kwenye magaloni. Ile sahani ya juu ya tenki inayoshika bomba la kuvutia, skrubu zake mbili zilikata, nyingine zikatoka kwa kupakwa mafuta ya kutu usiku kucha. Bomba likatoka. Mwanzo sikuona kitu, linaonekana kahawia tu kama bomba lolote la zamani. Nikaziba mdomo wa chini kwa kidole, mdogo wangu akapampu kwa juu, tukalitumbukiza kwenye beseni la maji: mstari mmoja mwembamba wa viputo, katikati kabisa, upande uliogeukia ukuta wa tenki. Nikapangusa kwa kitambaa kutu ikabanduka, tundu dogo, ncha ya sindano ya kushonea inaingia kwa shida. Pembeni yake kuna mstari mweusi unaozunguka bomba zima, nadhani ndo usawa ambao petroli ilikuwa inakaa miaka ile gari iliposimama.

Na nyingine: floti ya geji iliyokuwa humohumo nimeitingisha, imejaa petroli ndani, inalia chwa chwa. Ndo maana mshale umelala E miaka yote. Ilikuwa imezama.

Dereva wa Usiku
Aisee. Tundu la sindano limekula pampu, filta mbili na safari zote hizo

Koili Moto
Si ungepachika kipande cha mpira juu ya tundu na klipu mbili ukamaliza?

Mzee Kabureta
Kwa kufika nyumbani sawa. Ila mpira wa kukaa ndani ya petroli sio huu wa nje, 30R9 inalindwa ndani tu, ganda lake la nje likiloweshwa muda wote linavimba na kuyeyuka, halafu vipande vyake vinaenda kuziba kichujio. Wa kuzama ni 30R10. Na bomba lililotoboka sehemu moja kwa kutu haliishii hapo, litatoboka tena mwakani.

Kokoto
Nimetengenezewa bomba jipya la chuma la milimita 8, limechomelewa kwenye sahani ileile ikiwa imetolewa na kuoshwa mara tatu kwa maji ya sabuni, tenki lenyewe halikusogelewa na moto kabisa kwa sababu Mzee Kabureta alinionya pembeni. Kichujio kipya chini, gasketi mpya, floti mpya. Tenki ndani lilikuwa na vumbi la kutu kidogo nimesuuza.

Jana nimeenda na kurudi siku moja, nimepita kile kilima kwa gia ya tatu nikiwa na robo tenki. Najua ni robo kwa sababu geji inasoma sasa! Nilikuwa nauangalia mshale kuliko barabara.

Mama Spana
Hongera sana. Barabara nayo uiangalie.

Tairi Kipara
Na ile pampu ya zamani uliyoitoa uliitupa?

Kokoto
Ilikuwa kwenye buti. Nimeirudisha juzi kwa kuijaribu, inapiga bila kelele kuliko mpya. Mpya ndo ipo kwenye buti sasa hivi.